Kulthum Alivyomtukana Mwezi

Nimechoka kuulizwa. Nikienda sokoni naulizwa. Nikiketi arusini, hata pilau sijaitia mkono, naulizwa: "Bibi, hebu tuandikie ile habari ya Kulthum na wimbo wa dunia." Kwani waliokuwapo Bofa siku ile hawana macho, au hawana kalamu? Mimi herufi nilifunzwa ukubwani, na kila moja yanitoa jasho. Lakini nimesikia watu wakiisimulia kombo, wakisema upande wetu ulishindwa, na hilo silikubali. Basi nitaiandika mara moja, sawasawa, na nikimaliza nitakuwa na kazi ya kukupa wewe uliyejidai wataka kusoma.

Kulthum ni mtu wa Shela, hapa Malindi, na kazi yake ya asubuhi ni kukaanga vitumbua. Vitumbua vyake vina iliki ya kutosha na maneno ya kuzidi. Ukimwambia kimoja kimeungua, atakwambia umekitazama vibaya.

Lakini vitumbua ni vya kutafutia sukari tu. Kazi yake hasa ni vugo. Kwa asiyejua, vugo ni ngoma ya wanawake ya arusini. Kila mmoja ana pembe ya ng'ombe mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, wanagonga, na mbele yao yuko mwenye kuanzisha wimbo. Na vugo letu haliwi na upande mmoja. Kuna wa huku na wa huko. Wa huku akitupa ubeti wa kuwadhihaki wa huko, hao hawana budi kuurudisha, tena ukiwa na pilipili zaidi. Asiyejibu amekwenda na maji.

Upande wa huku ni wa Kulthum. Upande wa huko ni wa Rayhana, anayekaa mtaa wa pili, nyuma ya msikiti. Wameimbiana hao tangu wasichana hadi leo hii magoti yanalia kuliko pembe. Kulthum amemwimba Rayhana kwa kiburi chake, kwa mchuzi wake uliokosa chumvi, na zaidi ya yote kwa mumewe, Hilal, mtu mnene mwenye viatu vidogo. Hilal mwenyewe alikuwa akisimama nje ya ukumbi kusikiliza, akisikia viatu vyake vimetajwa hucheka mpaka akashikilia ukuta, kisha hutuma mtoto ndani aombe ubeti urudiwe.

Njiani wakikutana, ni salamu, basi. Chai pamoja hawakuwahi kunywa. Yote waliyokuwa nayo ya kuambiana waliambiana kwa vina.

Kisha Hilal akafa.

Kulthum alikwenda matangani kama watu. Akaketi mkekani karibu na Rayhana, akasema, "Pole." Rayhana akasema, "Nishapoa." Wakanyamaza wote wawili mpaka kahawa ikapoa pia. Aliporudi nyumbani alimwambia Kahonzi, "Nimekosa la kumwambia. Umri wangu wote nimesema naye kwa nyimbo. Leo nimwambie nini kwa maneno matupu?"

Kahonzi huyo ni mtu wa Ganze aliyeolewa huku mjini zamani. Ndiye mpiga kayamba wetu, na huruma hana. Akamwambia, "Ungemwimbia viatu."

"Astaghafirullah, Kahonzi!"

"Mimi nasema tu."

Eda ikaisha, Rayhana asitoke. Arusi zikaja, zikapita. Upande wa huko ukawa kama kuku waliokimbiwa na jogoo. Kulthum akitupa ubeti, unafika kule, unaanguka chini, hakuna wa kuuokota. Watu wakampongeza: sasa Malindi nzima ni yako, bibi. Yeye akawauliza, "Yangu ya nini? Kinu bila mchi ni kigoda." Na mimi niliyekuwa nikigonga pembe nyuma yake nilisikia sauti yake inavyopungua, arusi hadi arusi, kama mtu anayesema na ukuta na ameanza kujishtukia.

Ikawa hivyo mpaka asubuhi aliyokuja Gladys.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vitumbua vimekwisha."

"Sikufuata vitumbua."

Gladys ni mwalimu, kwao ni Kibarani, Kilifi. Akaeleza kwamba kule hotelini Bofa, hukohuko Kilifi, kutakuwa na siku ya kuisherehekea dunia. Watakuja watu wa nchi nyingi, na kuna wimbo mmoja ambao siku hiyo utaimbwa kila mahali, kila watu kwa lugha yao. Yeye ameutia Kiswahili, na anataka uimbwe kwa vugo.

"Hebu uimbe," akasema Kulthum.

Gladys akauimba palepale penye jiko. Sauti anayo, hilo Kulthum hakulikana. Wimbo ukasema dunia ni nyumba yetu moja, bahari yake buluu, watu wote ndugu, tushikane mikono tuilinde. Halafu akanyamaza. Kulthum akangoja.

"Haya, endelea."

"Umekwisha, bibi."

"Umekwisha? Na wa kujibu yuko wapi?"

"Hakuna wa kujibu. Sote tuko upande mmoja. Ndiyo maana yake."

"Watu wa dunia nzima upande mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi mwamwimbia nani, mwanangu? Papa?"

Gladys akacheka. Naye ulimi anao, hakusomea bure. "Bibi, nimeambiwa Malindi hii wewe ndiwe uwezaye. Kama huwezi, nambie tu. Nimetajiwa na mwingine, Rayhana."

Mwiko wa Kulthum ukasimama juu ya mafuta. "Rayhana haimbi siku hizi," akasema taratibu. Kisha, "Niachie huo wimbo hapa."

Alasiri tukakusanyika uani kwake. Wimbo tukaujua mara moja, hauna miiba. Lakini kila tukiumaliza tunatazamana. Ulikuwa kama mtu amekukaribisha chakula, ukanawa, kisha akakutoa nje.

"Nambieni," Kahonzi akasema, "huyu Dunia ni bi arusi ama ni mama wa bi arusi?"

"Bi arusi," akasema Safaa, mkaza mwana wa Kulthum. "Si amepambwa na bahari?"

"Na bwana arusi?"

"Jua. Si ndilo limpalo joto?"

"Haya. Na upande wa pili ni wa nani? Arusi ya upande mmoja ni matanga."

Kulthum alikuwa amekaa kizingitini akigeuzageuza pembe yake. Akasema, "Mwezi."

Tukamgeukia.

"Tangu waumbwe wanazungukana, huyu huku, huyu huko. Wanatazamana kila siku, na chai pamoja hawajanywa." Akasimama. "Sisi tutaimba upande wa Dunia. Upande wa Mwezi ni wa Rayhana. Kahonzi, nenda kamwambie."

Kahonzi alikwenda, akarudi upesi kuliko tulivyotaka. "Amesema amepumzika. Amesema nyimbo amezizika pamoja na mumewe."

Asubuhi ya pili vitumbua vya Kulthum viliungua, sinia nzima, na alipoambiwa akasema, "Kweli vimeungua." Hapo ndipo sote tulipoogopa.

Akakaa na uchungu huo siku chache. Kisha alasiri moja akaingia uani, macho yanameta, akaita, "Safaa! Wewe ndiwe Mwezi."

Tukadhani ni homa. Safaa ana moyo mwema, ana mkono mzuri wa biriani, lakini sauti yake ni ya mlango uliokosa mafuta. Arusini huwekwa nyuma, agonge tu.

"Mimi, mama?" Safaa akauliza. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na mazoezi hatufanyi hapa. Twende nyuma ya msikiti."

Basi kila alasiri, sala ikiisha, tukawa tunasimama chini ya dirisha la Rayhana. Kulthum anatangaza kama mwenye mnada, "Sikilizeni, jamaa! Mahali pa Rayhana ataimba Safaa!" Na Safaa maskini anafungua kinywa. Paka wa mtaa ule walihama. Muuza kahawa alisogeza jiko lake. Dirisha la Rayhana lilikuwa limefungwa, na baada ya siku mbili likafungwa na pazia pia.

"Hasikii," Kahonzi akasema.

"Anasikia."

"Wajuaje?"

"Kwa sababu mtu mwenye sauti ile angepewa nafasi yangu, mimi ningefufuka."

Siku yenyewe ikafika. Bofa pale palikuwa na mahema, viti vyeupe, wageni wa kila rangi, kwaya moja ya kanisani ya kina mama kutoka bara, na Gladys katikati na kipaza sauti. Kulthum hakuketi. Alitandika mkeka mtupu mkabala wetu, akamweka Safaa pembeni mwake, wala si katikati. Kila gari likisimama nje, shingo yake inarefuka. Magari yakaisha.

Wimbo ukaimbwa. Ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Lugha zote zile kwa mara moja, na vugo letu chini yake. Wageni walifumba macho, wengine walishikana mikono kama wimbo ulivyoagiza. Gladys akainua kipaza sauti ashukuru. Kabla hajasema, Kulthum akagonga pembe, akasogea mbele, akaimba:

*Mimi Dunia tajiri, nina mito na misitu,*
*Nina minazi mizuri, madafu si haba kwetu,*
*Mwezi acha ujeuri, kwako hakumei kitu,*
*Taa umeiazima, usituringie watu!*

Kina mama wa kwaya, wanaojua ngoma ni nini, wakapiga vigelegele. Gladys akamjia mbio, akanong'ona, "Bibi! Huyo Mwezi katoka wapi? Hayumo kwenye wimbo!"

"Hutoka mashariki, mwanangu. Subiri."

Alisema hivyo, akatazama tena kule magari yalikosimama. Akamwashiria Safaa kwa kichwa. Safaa akafungua kinywa. "Duniaaa—" Mgeni mmoja alishika shavu kama mwenye jino bovu.

Na hapo nyuma ya mahema ikalia pembe. Ilikuwa na ufa. Malindi nzima pembe yenye ufa ni moja tu, inalia kwa kukwaruza, na Rayhana hakukubali kamwe kuibadilisha. Watu wakampisha. Alikuwa na buibui la safari na mkoba kwapani, na mtu aliyekuja kutazama tu habebi pembe.

"Keti, mwanangu," akamwambia Safaa. "Umenitesa vya kutosha."

Akasimama juu ya mkeka uliokuwa mtupu, akamtazama Kulthum, na kwa sauti ileile, imechakaa kidogo pembeni lakini katikati ni ileile, akajibu:

*Dunia wacha maneno, njoo tusimuliane,*
*Wanao ni magombano, hawataki wapatane,*
*Idi yenu na vinono, mpaka nionekane,*
*Nikikaa ndani mimi, mtalia mnione!*

Wallahi nilisahau niko upande gani. Nilicheka. Nani asiyejua Malindi hii, siku ya kuandama mwezi, watu wazima wanavyopanda madarini na kugombana nani kauona?

Kulthum akafungua kinywa ajibu. Hakikutoka kitu. Akakifunga, akakifungua tena. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso. Baadaye alisema ni jasho, na kwa sababu ni mwenzangu, nami naandika hapa kwamba lilikuwa jasho.

Wageni walitaka kujua kimesemwa nini. Kina mama wa kwaya wakawaeleza kwa mikono, na baada ya hapo hakuna aliyekaa kitini. Nusu wakaja kwetu kwa Dunia, nusu wakavuka kwa Mwezi. Mpishi wa hoteli alitoka na sufuria na mwiko akaenda kwa Mwezi, msaliti. Siku ya umoja wa dunia ikakatika pande mbili, watu wanazomeana kwa lugha wasizozijua na kucheka mpaka machozi.

"Bibi, umeniharibia umoja wangu," Gladys akasema.

"Ulikuwa umelala, mwanangu. Nimeuamsha. Wewe uko upande gani?"

Gladys akafikiri kidogo, akavua viatu, akaenda kwa Mwezi. Mpaka leo Kulthum hajamsamehe.

Wakati wa kurudi, gari lilikuwa moja. Kulthum na Rayhana waliketi kiti kimoja, Kahonzi katikati. Tulipofika nusu ya njia Rayhana akasema, akitazama nje, "Hilal angecheka."

"Angetuma mtoto tuurudie," Kulthum akasema.

Baadaye kidogo Rayhana akaanza, "Vile viatu vyake, wajua, vilikuwa vya—" na wakashikwa na kicheko wote wawili, mpaka Kahonzi akalalamika wanamponda mbavu.

Sasa Rayhana kila asubuhi yuko mlangoni kwa Kulthum na kikombe chake cha chai. Anachukua kitumbua, anakigeuza. "Kimeungua," anasema.

"Umekitazama vibaya."

"Na jibu langu liko wapi?"

Hapo ndipo penye donda. Jibu halijapatikana. Kulthum amejaribu akikaanga, akiosha vyombo, hata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Ndiyo maana watu wanasema tumeshindwa. Hatukushindwa! Tunafikiri tu. Na arusi ya mjukuu wa Kahonzi imekaribia, Rayhana amekwisha kukitia kijiti chake mafuta, nasi hatuna kitu mkononi.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa bure, na vitumbua umevinusa, inuka. Wewe pia ni mtu wa Dunia, hukai mwezini. Tunga ubeti mmoja wa kumjibu Mwezi, mistari minne, na kina cha mwisho kiwe *ne* kama chake, usikikimbie. Uulete Shela mwenyewe, penye moshi wa vitumbua, mapema kabla Rayhana hajaja na kikombe chake. Na kama una sauti ya Safaa, uandike tu kwenye karatasi.