Shafti ya Mdogo Wake

Karakana nzima ilimwita Mama Digrii, na wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kusokota vyuma. Shafti, yaani fimbo nene ya chuma, inabanwa ncha moja kwenye meno ya mashine, ncha ya pili inafungwa mkono wa chuma, mkononi anatundika uzito, kisha anatazama mshale unaonyesha chuma kimejisokota digrii ngapi. Ukipita mstari mwekundu, shafti haifai. Hapo Mama Digrii hana ndugu wala rafiki.

Sasa asubuhi hiyo ndugu alikuwepo. Shafti iliyoletwa ilichongwa na mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa karakana nyingine, na bosi wa kijana alishamwambia waziwazi: hii nayo ikikataliwa, kusanya vyako uende.

Akatundika uzito. Mshale ukasogea. Ukasogea tena, ukaupita mstari mwekundu kama haukuuona! Jamani! Adanganye? Shafti hizo zinakwenda kwenye winchi za kuinulia mizigo, na chini ya mizigo wanapita watoto wa wenzake. Hapana, hilo asingeliweza. Akainama kuifungua, roho inamuuma.

Ndipo akauona mstari wa chaki. Huuchora kwenye kila shafti, kutoka ncha hii hadi ile. Chuma kikijisokota sana, nao hulala upande. Huu ulikuwa umenyooka vilevile.

"Ebo!"

Kumbe shafti ilizunguka nzimanzima ndani ya meno ya mashine. Akapitisha kidole kwenye ncha: grisi! Huyu mtoto na kujipendekeza kwake, kaipaka eti iingie kwa ulaini. Na yeye, kwa kiwewe, hakuifuta.

Akaifuta kwa tambara na petroli, akaikaza upya mpaka mishipa ikamtoka, akatundika uzito. Mshale ukasogea kidogo, ukatulia mbali kabisa na ule mwekundu. Akangoja. Haukwenda popote. Akakaa juu ya kreti, machozi yanamtoka huku anacheka peke yake.

Akampigia simu mdogo wake.

"Imepita."

Kijana hakuamini.

"Dada, usinitanie."

"Imepita, wewe! Ila ukiniletea tena chuma chenye grisi, nitakayoyasokota ni masikio yako."

"Nimeshafungasha vifaa," kijana alisema. "Nimeona hujapiga, nikajua basi. Niko getini."

"Umetoka?"

"Bado."

"Basi geuka, mdogo wangu. Rudi kazini."