Pete ya Shule

Wazazi wetu walipotutoka walituachia ng'ombe wanne. Mdogo wa baba, ambaye sisi Wagusii tunamwita tatamoke, au Tata kwa kifupi, aliwachukua mmoja mmoja akalipia mahari ya mke wake wa pili. Alikuja mchana, akanywa uji wetu, akasema mali ya ndugu yake ni yake. Mimi kifungua mimba nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu wawili. Basi katika miaka ya sabini, kitinda mimba wetu alipofika darasa la tano, niliapa kwamba ataingia sekondari, na karo yake haitakuwa na kwato.

Bonasi ya chai yetu ilipotoka kiwandani nikapanda basi kutoka kwetu Sironga mpaka mjini Kisii, kwa sonara mmoja, mzee wa Kiislamu.

"Nataka dhahabu, mzee."

"Ya harusi?"

"Ya shule."

Akanitazama juu ya miwani. "Shule gani hiyo wanavaa dhahabu, mwanangu?"

Nilipomweleza habari za tatamoke, alicheka mpaka akashika meza. Akatoa pete pana ya kiume isiyo na nakshi. "Hapa hulipii urembo, unalipia uzito. Siku ya kuuza, niletee mwenyewe." Nikamwomba aipime, kisha aipime tena, na tena.

"Ukiipima mara ya nne itachoka," akasema.

Sijawahi kuonja pombe, lakini nadhani walevi husikia vile nilivyosikia nikitoka pale. Kwa kuogopa wezi wa mifukoni niliivaa kwenye kidole gumba, nikakunja ngumi juu yake hadi nyumbani. Kwetu Wasabato hatuvai mapambo, hata arusi hufungwa bila pete. Nilijua pete huingia. Kwamba kutoka ni kazi nyingine, hakuna aliyenifundisha. Nilipofungua ngumi, kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi mbivu.

Ilikuwa Ijumaa. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia. Mdogo wangu wa kiume alivuta pete, na dada yetu, yule kitinda mimba, akanishika kiuno.

"Vuta!"

"Navuta! Wewe ndiye unacheka!"

Pete haikusogea. Kesho yake nilifunga kitambaa kidoleni nikaenda kanisani. Wazee wa kanisa wangenionya, hilo ningelivumilia. Lakini tatamoke angeiona pete, na shule ya mtoto ingegeuka mahari ya mke wa tatu.

Akanidaka mlangoni, mbele ya mzee wa kanisa. "Umefanya nini mkono?"

"Nimejikata na panga, Tata."

"Yatima huyu!" mzee wa kanisa akasikitika. Akaniita mbele, kanisa zima likasimama kukiombea kidole changu. Tatamoke mwenyewe alikifunika kwa kiganja chake, akakibana kwa huruma, dhahabu yangu ikiwa chini ya mkono wake, akasema Amina kwa sauti kuliko wote. Nilimwona dada ameuma leso. Mabega yangu yakaanza kutetemeka kwa kicheko. Akina mama wakadhani nalia, wakanichangia mayai. Tuliyala.

Jumatatu alfajiri nilikuwa kwenye chai, umande ukinichoma vidole kwa baridi. Nikahisi kitu kinazunguka ndani ya kitambaa. Kidole kilikuwa kimenywea! Niliikamata pete kwa meno, ikatoka. Nilipiga kelele, dada akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka. Tukacheza palepale kati ya michai, kikapu kikapinduka, majani yakamwagika.

Miaka miwili baadaye yule sonara aliipima pete na kuniambia dhahabu imepanda bei. Ikatosha karo, sanduku la bati na viatu vyeusi. Asubuhi ya safari tatamoke alisimama mlangoni, akalitazama sanduku, kisha zizi letu tupu.

"Pesa mmetoa wapi? Hamna hata ndama!"

Dada akajitwika sanduku lake. "Ni yale maombi yako, Tatamoke," akasema. "Kidole kilipona kabisa."