Uyarak na Betri ya Mama Yake

Ukienda kwa binamu yangu Uyarak wakati wa baridi kali, usitegemee kiti. Viti vimekaliwa na betri. Zake, za majirani, hata ile ya pikipiki ya theluji ya mchungaji wa kanisa, zote zimezunguka jiko kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na daktari mwenyewe amekaa katikati na suruali ya ndani ya sufu, chai mkononi, anaigusa moja, anaipima nyingine, anasonya.

Mimi Joanasi nina mashine ya theluji nzuri kuliko zote hapa ghubani. Kwenye mashindano ya mwisho wa baridi nimewapita vijana wote, na wanaosema nilikata kona wana wivu tu. Lakini betri yangu naipeleka kwa Uyarak, na kila mwaka ananifokea maneno yale yale.

"Usiiweke kwenye chaja hiyo! Imeganda. Iache ipate joto kwanza."

"Binamu, mimi naendesha mashine tangu wewe hujui kufunga viatu."

"Ndiyo maana una nyusi upande mmoja."

Hapo hakudanganya sana. Betri iliyoganda ukiisukumia umeme inavimba, na ikipasuka, tindikali haiangalii kama uso ni wa mtu mzuri.

Uyarak hakuoa. Alikuwa mtu wa kukataa. Ukimwomba akupe bisibisi, hapana. Ukimwomba akufungie taa ya ziada kwa waya mwembamba uliookota jalalani, hapana, na anakutupia huo waya mlangoni. Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kutaka afungiwe redio bila fyuzi, kwa kuwa fyuzi zilikuwa zimekwisha dukani. Uyarak alimfungulia mlango na baridi yote ikaingia ndani hadi mwenyekiti akaondoka mwenyewe.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuambiwa hapana kwenye nyumba ile. Mama yake.

Mama yake, marehemu Aluki, dada wa baba yangu, alitutoka Uyarak akiwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka, dada yake Uyarak, Mialia, akajifungua msichana, na wazee wakampa mtoto jina la Aluki. Basi, mama alikuwa amerudi. Toka siku hiyo Uyarak alimwita yule mtoto "mama", na mtoto alipojua kusema akamwita yeye "mwanangu". Mimi nilimwita shangazi. Shangazi yangu alininyonyea pipi zangu na kunikojolea mapajani, na sikumfokea, maana nani anamfokea shangazi yake?

Alipokua, akashika sindano, na Mialia akalia. Mshono wa buti za ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, alizomshonea Uyarak ulikuwa ule ule wa marehemu, mdogo mdogo, umelala upande mmoja. Uyarak alivaa buti zile hadi ndani ya nyumba.

Mwaka jana jua liliporudi baada ya giza la majira ya baridi, Aluki akajinunulia mashine mpya kwa mshahara wake wa dukani. Mashine hizi za sasa hazina kamba ya kuvuta. Ni kubonyeza kitufe, na kitufe kinakula betri. Akaja nayo mpaka mlangoni kwa Uyarak, anacheka, kofia ya kuendeshea kwapani.

"Mwanangu, nifungie soketi. Nataka kuchaji simu, na hiki kioo cha kofia kina waya wa kukipasha moto kisipate ukungu."

"Nitafunga, mama. Waya utapita kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima mashine, soketi inazima."

"Ah, hapana. Nikipiga kambi nitachajije simu?"

"Kambini unampigia nani? Sili? Huko hakuna mtandao."

"Nasikiliza muziki! Funga moja kwa moja kwenye betri."

Nilikuwepo, nakula samaki wake aliyegandishwa, nikaona mkono wa Uyarak umesimama hewani na koleo. Angekuwa mtu mwingine, koleo ile ingemfuata mgongoni.

"Mama," alisema taratibu, "ukisahau kuchomoa, betri itakwisha."

"Nani anasahau? Umeanza kunibishia mimi? Nilikubeba mgongoni wewe, na ulikuwa mzito." Akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na yeye ndiye amemzaa mtu aliyekwisha ota mvi.

"Binamu," nikamchokoza, "leo umempata kiboko yako."

"Nyamaza, Joanasi. Samaki wangu unamaliza."

Akafunga moja kwa moja. Alifunga vizuri, siwezi kumsingizia: waya mnene, fyuzi yake, kila kiungo kimevishwa mpira maji yasiingie. Kazi safi kabisa. Kilichokosekana ni kile tu alichokatazwa na mama yake.

Wiki hiyo hiyo Aluki akaondoka peke yake kwenda ziwa la Tasirjuaq kuvua samaki chini ya barafu. Alilala hemani na jiko dogo la mafuta. Alipozima mashine alichomoa ufunguo, akaacha simu kwenye soketi, na waya wa kofia nao akauacha, kofia imekaa kwenye kiti. Kioo kikajipasha moto peke yake gizani, hakuna anayekitazama.

Asubuhi upepo ukaamka kabla yake. Akabonyeza kitufe. Mashine ikasema *tik*, ikanyamaza.

Sisi kijijini tuliusikia upepo tu. Mialia alishika redio ya kuitana akamwita, akamwita, mpaka wenye redio zao nyumba nyingine wakaacha kuzungumza ili kumpisha. Uyarak alishatoka nje. Alikuwa anafunga mafuta kwenye sleji ya kuburutwa na mashine.

"Subiri upepo upungue," nilimwambia. "Hata pua yako huioni."

"Waya niliufunga mimi," akasema, na hapo nikajua anachokijua.

Upepo ulipolegea kidogo tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kumpita mtu. Njia yote ilikuwa nyeupe juu na nyeupe chini. Mara mbili alisimama, akazima mashine, akasikiliza. Hapakuwa na cha kusikia.

Tulimkuta nyuma ya mashine yake, amejijengea ukuta wa vipande vya theluji, kama alivyofundishwa tangu mtoto. Hema lilikuwa limekwenda na upepo. Alikuwa amejikunja, ameinama juu ya kitu ndani ya koti, nikadhani ni mtoto, nikajiambia, Joanasi, akili imeganda. Ilikuwa betri. Aliifungua akaitia kifuani ipate joto, kama alivyomwona Uyarak akizipasha betri miaka yote. Na nati za betri hazifunguki na glavu nene. Alizivua. Chuma na baridi ile vikavimaliza vidole.

"Mwanangu," alisema, midomo haifunguki vizuri, "mashine imekataa."

Uyarak alimwingiza mikono yote miwili ndani ya koti lake mwenyewe, kwenye ngozi ya tumbo, akamshikilia hapo. Niliona macho yake yanaufuata waya, kutoka kofia mpaka soketi, kutoka soketi mpaka pale betri ilipokuwa. Simu ilikuwa bado imechomekwa. Baadaye nyumbani Mialia aliiwasha. Ilikuwa imejaa pomoni.

Ndege ikampeleka hospitali ya kusini. Alirudi mwisho wa baridi, theluji imeanza kuwa laini mchana, na mkono wa kulia umebaki na kidole gumba na kidogo cha mwisho. Wanawake walikuja na chai na mikate ya kukaanga, wakamsifu nywele, wakamsifu koti. Sindano hakuna aliyeitaja. Kikopo chake cha sindano Mialia alikuwa amekwisha kukiondoa dirishani.

Nilikuwa kwa Uyarak siku Aluki alipokuja. Mimi ndiye niliyeiburuta mashine yake kutoka ziwani, na sasa ilikuwa nje pale, Uyarak ameivua kila kitu alichofunga: soketi, fyuzi, waya wote, vimekunjwa kwenye ndoo. Betri yake ilikuwa karibu na jiko pamoja na wagonjwa wengine.

Aluki akasimama mlangoni, mkono mfukoni. Akajaribu kucheka.

"Mwanangu, wananiambia umeninyang'anya soketi yangu. Nifungie tena. Hata ukipitisha kwenye ufunguo, sawa, umeshinda."

"Hapana, Aluki."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nadhani hata betri zilisikia. Kwetu mtu haachi kumwita mama yake mama. Sijawahi kuliona, na mimi nimeona mengi kuliko watu wa hapa.

"Umeniitaje?"

"Aluki. Ni jina lako."

"Mimi ni mama yako."

Uyarak aliangalia buti zake, zile zile, mshono mdogo mdogo. "Mama yangu siwezi kumkatalia kitu," akasema. "Mpwa wangu naweza. Mpwa wangu nitamkatalia kila siku mpaka azeeke."

Nikatafuta la kuchekesha. Mimi, ambaye nimechekesha mpaka msibani. Nikaishia kunywa chai ya Uyarak iliyopoa.

Aluki alilia pale pale mlangoni, akijifuta na ule mkono mzima, na Uyarak hakuinuka. Alichukua betri ya Aluki, akaigusa ubavuni kwa kiganja kuona kama imepata joto, akashika vibanio vya chaja, chekundu kwanza, halafu cheusi. Chaja ikaanza kunguruma kwa sauti ndogo.

"Chukua kesho," akasema. "Itakuwa imejaa."

Siku hizi Aluki akimwita kwenye redio anasema bado, "Mwanangu, uko hapo?" Kijiji kizima tunasikia. Uyarak anaacha ile sauti ipite, halafu anabonyeza na kusema, "Nipo, Aluki." Na mimi, nikiwa nimekaa pembeni ya betri kwa kukosa kiti, natazama dirishani, nje kweupe, mpaka redio inyamaze.