Siku Mama Aliponituma Nikacheze Kriketi

Ko! Ndiyo sauti iliyotuamsha asubuhi yetu ya kwanza Chennai, India: mti mkavu ukigonga kitu kigumu, kisha kelele za watoto. Hewa ilinuka viungo vya kukaanga na dawa ya kudekia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kabla ya safari ile nilikuwa sijawahi kulala mbali kuliko Singida mjini. Tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Ulemo, mama, baba mdogo Elia na mimi, kwa sababu moyo wa mama ulikuwa umechoka. Akitoka kisimani ilimbidi akae chini njiani, apumue kama mtu aliyekimbizwa. Mimi nilichukuliwa ili nimwogeshe na kumpikia uji. Tulipanga chumba karibu na hospitali, na mbele ya lango letu palikuwa na kiwanja cha vumbi.

Siku moja nikiwa nafua, mpira ulijiviringisha ukapita langoni hadi miguuni pangu. Nilipouokota nilishtuka. Mimi nilizoea mpira wa matambara. Huu ulikuwa wa ngozi nyekundu iliyoshonwa, mgumu kama jiwe. Kule kiwanjani niliona vijiti vitatu vimesimikwa, nikaurusha kuvielekea, kama nilivyozoea kurusha mawe nikiwinga ndege, kwelea kwelea, kwenye mtama wetu. Vijiti vikatawanyika. Watoto wote wakageuka kunitazama.

“Neema, umevunja nini tena?” mama aliita kutoka kitandani.

Ghafla watoto wakalipuka kwa vifijo, na Lakshmi, binti wa mwenye nyumba, akaja mbio akanivuta mkono. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, na chake hakikuwa mbali na hapo, lakini nilimwelewa: mpigaji alikuwa bado anakimbia, na vijiti vikiangushwa kabla hajafika mstarini, basi anatoka. Nilikuwa nimemtoa mtu mchezoni bila kujua kwamba nacheza. Tembea uone, walisema wahenga. Mimi nilitembea nikaona mkono wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila jioni, nikishamlisha mama, nilikuwa kiwanjani, nikishangaa watoto wanaompigia makofi hata mpinzani aliyecheza vizuri, na mchana kutwa nikiusubiri mchezo ule kwa hamu iliyonitisha.

Siku ya upasuaji iliangukia siku ya mechi yetu na watoto wa mtaa wa pili. Nilikwisha kumwambia Lakshmi kwamba sitakwenda. Alfajiri, mama akiwa amevishwa gauni la hospitali, akanitazama.

“Nenda ukacheze.”

“Shemeji!” baba mdogo alishtuka. “Wewe unaingia kwenye kisu, mtoto akacheze?”

“Akikaa hapa atalia. Mwache aende.”

Nilikwenda nikigeuka nyuma kila hatua chache. Lakini mchezo ulipokolea, nilicheka, nilikimbia, nilidaka mpira mmoja uliounguza viganja vyangu, nikabebwa juu juu. Ndipo nikamwona baba mdogo akikatiza katikati ya kiwanja, hajui kwamba hapo hapapitwi, uso wake umekauka. Kila mtu alisimama. Alipofika karibu alifuta macho kwa mkono wa shati.

“Ameamka,” alisema hatimaye. “Anauliza kama mmeshinda.”

Siku hizi kriketi naitazama kwenye simu, hapa Singida mjini, peke yangu, maana majirani wanaona ni mchezo usioisha. Mama yuko Ulemo na bado analima. Msimu uliopita, tukipura alizeti, nilimwuliza kwa utani kama anaikumbuka ile mechi. Aliendelea kupiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, kisha akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida, “Daktari aliniambia huenda nisiamke. Nikaona, kama ni kufa, basi siku hiyo wewe uwe umecheka.”

Fimbo yangu ilibaki hewani. Miaka yote hiyo sikujua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami leo nina binti wa umri ule ule niliokuwa nao Chennai. Nimejiuliza mara nyingi, nikimtazama akivaa viatu atoke nje, kama ningekuwa na moyo wa kumwambia: nenda ukacheze.