Paa la Mama Bosibori

Saa moja asubuhi, Thadeus Ratemo amesimama chini ya ngazi, mkono mmoja juu ya kipago, na hapandi. Mawingu yanajikusanya upande wa Nyamira. Nyasi zimekatwa, fito mpya zimeegemezwa ukutani, kamba za migomba zimelowekwa. Kilichobaki ni fundi tu.

"Nyasi hazipandi zenyewe, Baba," anamtania mkewe, Eucabeth, aliyeishika ngazi kwa mikono miwili. Thadeus anacheka, lakini mguu haujainuka.

Ni Kwaresima ya mwaka 1974, karibu na Mosocho. Aprili iliyopita Thadeus, anayeezeka nyumba tangu ujana wake, alianguka kutoka paa hili hili akavunjika mguu. Tangu siku hiyo hajapanda ngazi. Wenye uwezo wanahamia mabati, naye anapalilia migomba huku akichechemea.

Mwenye nyumba, Mama Bosibori, ni mjane ambaye macho yamemwishia. Mafundi wengine waliikataa kazi yake, wakisema nyumba iliyomwangusha Thadeus ina jambo lake. Mwaka mzima ameishi chini ya tundu lililozibwa kwa majani ya migomba. Masika yakianza kabla halijaezekwa, kuta za udongo zitaporomoka.

Thadeus analijua jambo lenyewe, wala si uchawi.

"Nilikuwa na haraka ya Pasaka," anasema bila kuficha. "Nikatandika nyasi mpya juu ya fito zilizooza. Kwa macho, paa lilipendeza. Nilipolikanyaga, likanimeza."

Jumatano ya Majivu alirudi kutoka kanisani akamuuliza mkewe ajinyime nini mwaka huu. Pombe hanywi, na nyama huiona Krismasi. Eucabeth hakuinua hata macho kutoka kwenye punje za wimbi alizokuwa akipepeta. "Acha woga," akamjibu. Neno hilo lilimchoma Thadeus, na hasemi uongo kuhusu hilo.

"Thadeus, uko?" anaita Mama Bosibori kutoka kigodani pake, kwenye kivuli cha migomba.

"Niko, Mama."

"Wapi?"

"Bado chini."

"Basi panda, mwanangu. Mimi nyasi sizioni, na wewe sikuoni, lakini najua uko. Nyasae, Mungu wetu, naye simwoni, na sijalala siku moja bila yeye."

Thadeus anafanya ishara ya msalaba na kupanda. Vipago vinalia. Katikati anasimama, na Eucabeth anaikaza ngazi zaidi. Kisha anapanda tena.

Safari hii hatandiki juu ya kitu. Anang'oa nyasi zote, anazitupa chini pamoja na fito zilizooza, hadi nyumba inabaki mifupa. Jirani mmoja, Nyangau, anapita akitikisa kichwa: kuivua nyumba nguo wakati mvua iko mlangoni! Thadeus anamwacha aende zake.

Kila mara sauti inapanda kutoka chini, "Uko?" naye anajibu, "Niko." Wanapokula ndizi za kuchemsha, Thadeus anamnong'oneza mkewe, "Watu wanadhani namtuliza mama. Ni yeye anayenishika huko juu."

Siku ya tatu, anapofunga tita la mwisho kileleni, matone ya kwanza yanaanguka. Mama Bosibori anaongozwa ndani. Thadeus anashuka, anasimama uani na kulowa chapachapa, akilitazama paa lake kwa hofu ya mzazi.

Jumapili ya Matawi, anasema, atachomeka tawi jipya la mtende juu ya mlango huu. Na baada ya Pasaka atapita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba fundi amerudi, mabati yawepo au yasiwepo.

Mvua inazidi. Thadeus anasogea karibu na mlango.

"Mama, uko?" anapaza sauti.

"Niko," anajibiwa. "Ingia ndani, mwanangu. Huku ni kukavu."