Jina la Mwalo Mbele ya Uzito

Asubuhi ile getini tulikuwa watano: mimi, meneja wa kiwanda cha samaki, mlinzi, fundi wa Mabatini aliyewauzia mawakala programu ya kompyuta, na mama mdogo wangu, wakala aliyekuwa amevuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga akiwa na gari la sangara.

Programu ya kiwanda niliitunza mimi. Shule niliiacha kidato cha pili tulipozika wazazi, nikajifunza kompyuta kwa kuingiza uzito wa samaki, hadi nikaweza kuirekebisha. Kila wakala alileta disketi yenye orodha ya mzigo wake, iliyotoka kwenye programu ya fundi. Programu yetu ikiisoma, karatasi ya kuingilia inatoka. Karatasi za mkono meneja alizipiga marufuku, kwa sababu kalamu zilishamwingizia samaki hewa.

Sasa wanunuzi wa ng'ambo walitaka jina la mwalo ambako samaki walipakuliwa. Ningeweza kuliweka mwisho wa mstari, na disketi za zamani zingeendelea kusomeka. Lakini meneja alitaka liwe la kwanza kuonekana. Nikaliweka mwanzo, safu ya uzito ikasogea kulia. Nikajaribu kwa disketi nilizotengeneza mwenyewe ofisini, zikasomeka, nikaridhika. Ya wakala sikujaribu hata moja.

"Mama, kompyuta inasema gari lako tupu," mlinzi alimwambia mama mdogo.

"Tupu? Panda basi ukalale humo, si kuna nafasi!"

Mlinzi akacheka. Mimi nilikuwa natazama maji ya barafu yakidondoka chini ya gari.

"Dada, ungeniambia mapema," fundi alinilaumu. "Nina mawakala mpaka ndani ya Sengerema. Nimfuate kila mmoja na disketi mpya, leo hii?"

Nikamwomba meneja turudishe programu ya zamani.

"Mzigo usio na mwalo sinunui," alisema. "Wasiotaka kubadilika wakauze Misungwi."

Ikabaki njia moja: programu isome mistari ya namna zote mbili, na ikikuta ya zamani iulize mwalo. Nikaanza kuandika. Jaribio la kwanza lilisoma uzito kama jina. La pili likagandisha mashine. Kila nilipoinua macho, mama mdogo alikuwa dirishani. Huyu ndiye aliyewachukua wadogo zangu watatu wiki ya matanga, akawalisha kama wake. Na gari lile alikuwa amelijaza kwa mkopo, kwa kuaminiwa na wavuvi.

Saa nane, jua likiwaka, karatasi ilitoka. Uzito sahihi, mwalo sahihi. Nikakimbia nayo getini. Meneja alifunua mashavu ya sangara wa juu, akanusa. Akamvuta wa chini, akanusa tena. Akafuta vidole.

"Geuza gari."

Mama mdogo aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaitazama.

"Imesoma sasa?"

"Imesoma, mama."

"Basi wenzangu wa kesho wataingia."

Wakaingia kweli, na disketi zao za zamani, na tangu hapo sikuwahi kusogeza safu ya mtu. Lakini wavuvi hawakumwamini tena mama mdogo. Alirudi kulima mihogo, na hajanunua samaki wa biashara mpaka leo. Wadogo zangu wamemaliza shule. Kila Krismasi namtumia mchele na kitenge, anashukuru. Gari la sangara sijamlipa, na yeye hajalitaja hata siku moja.