Gari Iliyolala na Mwani

Babu alipofariki, gari yake ilikuwa imelala chini ya nyumba muda mrefu hata paka wa mtaani wakaifanya yao. Ilikuwa gari ndogo ya Kiingereza, ya mviringo, rangi yake kama maziwa yaliyokaa. Babu aliitumia kubebea abiria mjini tangu mama yangu hajazaliwa. Nyumba yetu iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, kwenye uchochoro unaopitisha gari kwa shida, na chini yake pana ghala lenye mlango mpana. Humo ndimo Babu alimoiingiza macho yalipoanza kumkataa. Aliifunika turubai, akapanda juu, akamwambia Bibi, "Nikipona, safari ya kwanza nnakupeleka Chwaka. Utakaa mbele."

Bibi hakuwahi kwenda Chwaka kwa gari ile. Ilikuwa gari ya riziki, na riziki ilikuwa mjini. Yeye kila bamvua, maji yanapokupwa sana, alikwenda kwao Chwaka kushughulikia mwani wake kwa gari za abiria, kama watu wote.

Macho hayakupona. Babu alizikwa Chwaka, walikolala wazee wake, na Bibi akabaki ghorofani kukaa eda.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi nao. Nilipomaliza shule ya msingi nilikwenda kujifunza ufundi wa magari, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Si msemaji. Bibi alikuwa akisema kuwa nikitumwa kwa watu, mzigo hufika lakini salamu huziacha njiani.

Siku moja aliniita. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani.

"Mwanangu."

"Naam, Bibi."

"Ile gari inaweza kuamka?"

"Sijui. Mpaka niitazame."

"Hebu itazame. Nikitoka eda nataka inipeleke Chwaka. Wanawake wa kwetu hatuingii makaburini, lakini njia inapita ubavuni. Utasimama kidogo, nimtolee salamu nikiwa ndani ya gari."

Nikamwambia hata gari ya kukodi itasimama.

"Gari ya kukodi hataijua," alisema. "Hii akiisikia tu atasema, huyo mtoto kanikanyagia klachi vibaya."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Nilipoivua turubai nilikuta magunia. Nilikuwa nimeyasahau. Nilipokuwa mdogo, mwaka mmoja bei ya mwani ilianguka, na Bibi akakataa kuuza kwa hasira. Akauleta mwani wake mjini, mkavu, ungoje siku njema. Ghala letu wakati wa masika huingia maji, kwa hiyo Babu ndiye aliyemwambia ayapange magunia ndani ya gari, juu ya viti na chini ya viti, na mengine kwenye buti.

"Mwani hautaharibika humo?" Bibi aliuliza.

"Gari imekaa bure," Babu akamjibu. "Wacha ibebe abiria. Hawa angalau hawagombi nauli."

Tulicheka sote. Mengine aliyauza baadaye, mengine yakabaki. Sasa nilipoyashika yalikuwa mazito na maji, kana kwamba yametolewa baharini asubuhi ile. Mwani mkavu una chumvi, na chumvi huyavuta maji hewani hata mvua isiponyesha.

Niliyatoa. Jioni nikirudi kazini, nilishuka ghalani. Injini ilikuwa imeshikana, hendeli ya kuiwashia haizunguki hata ukucha. Nikafungua plagi, nikatia mafuta kwenye matundu yake, nikayaacha yapenye. Tangi nililishusha, petroli ya ndani imegeuka kama asali. Kabureta niliiosha juu ya gazeti. Bibi alikuwa akinisikia kupitia sakafuni, na nikipanda kula alikuwa na maswali yake.

"Leo uligonga sana. Unaiamsha au unaipiga?"

"Naiamsha."

"Babu yako alikuwa akiibembeleza."

Ikawa hivyo kila jioni. Naamini kazi ile ilimsaidia zaidi kuliko watu waliokuja kumpa pole. Alianza kula. Aliniuliza kiti cha mbele kikoje, na kama kioo cha upande wake bado kinashuka.

Hendeli ilizunguka kwanza kwa kukwaruza, kisha ikalegea. Nikanunua betri, nikaufungua mlango wa ghala wazi ili moshi utoke, nikavuta choki. Ilikohoa, ikafa. Ilikohoa tena. Mara ya tatu ikashika, na ghala lote likatetemeka, vumbi likamwagika kutoka kwenye boriti. Kwa furaha nikapiga honi mara mbili.

Hapo nikaona kikapu kinashuka.

Enzi zake, Babu akifika nyumbani alipiga honi mara mbili, na Bibi alimteremshia ufunguo wa mlango ndani ya kikapu chenye kamba, kutoka dirishani, ili asishuke ngazi. Kikapu kilishuka mbele ya mlango wa ghala, kikasimama usawa wa kifua changu. Ndani mlikuwa na ufunguo. Juu niliuona mkono wake tu, umeishika kamba.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Alijua uko wazi. Nikauchukua ufunguo, nikautia mfukoni. Kikapu kikapanda polepole. Siku ile sikupanda kula mapema, na nilipopanda hakuniuliza kitu.

Kesho yake nilimleta fundi wa kuchomea vyuma, mtu tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, nikimtaka azibe matundu mawili matatu ya sakafu. Tuliinyanyua kwa jeki. Akaingia chini na tochi na nyundo. Nyundo iligonga, ikagonga, kisha ikazama.

"Yakhe," alisema kutoka chini, "umeiona hii?"

"Nimeona matundu."

"Haya si matundu. Hapana chuma. Nikichomea hapa, moto utashika nini? Gari hii inasimama kwa rangi na dua." Alitoka, akajipangusa. Vipande vya kutu nyekundu vilimwagika mabegani mwake kama biskuti iliyolowa. Alichungulia ndani, akapitisha kidole pembeni mwa kiti, akakiramba. "Chumvi. Mmeihifadhi gari au mmekausha papa?"

Nilimwomba ashushe sauti, Bibi asisikie juu.

"Injini nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini ukiitoa barabarani na mtu ndani, itakatika katikati. Usimpakie mtu."

Nilipopanda, Bibi alikuwa akingoja. Yule fundi alikuwa mwanamume wa nje, si maharimu wake, na Bibi akiwa ndani ya eda hakuweza kumuuliza mwenyewe.

"Kasema nini?"

"Kasema kazi ipo."

"Kazi itakwisha kabla sijatoka?"

Nikatia tonge mdomoni ili nisijibu.

Siku alipotoka eda, wanawake wa mtaani walikuja alfajiri wakamwogesha, wakamvalisha, wakamfukiza udi. Walipoondoka, alishuka ngazi peke yake, mkono ukutani, na buibui jipya. Nilikuwa nimeiwasha injini. Angalau aisikie, nilijiambia. Akaingia, akakaa mbele, akakishusha kioo cha dirisha, akakipandisha.

"Twende," alisema.

"Bibi, haitafika."

"Si inanguruma?"

"Inanguruma. Chini ndiko kulikooza. Gari ina umri."

Mkono wake ulikuwa ukipapasa kiti, kama anayekitafuta kitu alichokiangusha, na ukaingia kwenye mshono wa kiti na mgongo wake. Ukatoka na kijiti cha mwani, kigumu, cheupe kwa chumvi. Alikiweka kiganjani. Akatazama chini penye miguu yake, ambapo kupitia sakafu iliyolika aliiona ardhi ya ghala.

"Umri," alisema.

Nikaushika usukani.

"Babu yako alijua?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Babu kila jioni alishuka ghalani na fimbo yake, akaipapasa gari yote kwa mikono, mpaka chini. Akirudi juu, Bibi alimnawisha kabla ya kula, na maji yalishuka mekundu ndani ya bakuli. "Ukuta huu unabomoka," Babu alikuwa akisema. "Naupapasa nikipita, udongo wote mikononi." Nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa udongo mwekundu. Hatukuwa na sababu ya kushangaa. Na magunia hakumwambia Bibi ayaondoe hata siku moja.

"Macho yake yalikuwa hayaoni, Bibi," nilisema.

"Mikono ilikuwa ikiona." Alifumba kiganja. "Mie ndiye niliyekuwa nikimnawisha."

Tulikaa. Injini ilinguruma vizuri, hata sasa naweza kuisikia. Baadaye akaniambia niizime, petroli inakwenda bure, na kesho nitafute gari ya kukodi, asubuhi, kabla ya jua kali.

Nilimfungulia mlango wa gari kwa mikono miwili, nikiushika chini palipolika kwa kutu, tukapanda juu. Alitandika chakula, akalichukua birika, akaniambia nitoe mikono. Maji yalishuka mekundu ndani ya bakuli. Aliyatazama mpaka yakaisha, kisha akanipa taulo.